Mwani na Jua la Saa Nne

Historia ya kilimo cha mwani Zanzibar husimuliwa zaidi kwa fedha. Msimulizi huanza na mwaka 1989, akataja dola zilizoingia, akawasifu wanawake waliojenga nyumba za matofali na kusomesha watoto, kisha akafika kwenye bei iliyoporomoka na hapo akakunja jamvi. Yote hayo ni kweli, na mimi ni shahidi: nimezaliwa Jambiani, na wadogo zangu wamesomeshwa kwa mwani wa mama. Lakini nimesomesha baolojia maisha yangu yote ya kazi, na kila nikiisikia historia hiyo naona kuna mhusika mmoja mkubwa asiyetajwa, naye ni jua.

Mwani wa kotonii, ambao ndio wenye bei, uliletwa kwetu, ukastawi, ukaanza kufa, na mwishowe ukatoweka katika vijiji vingi vya mashariki ya Unguja. Waliotupiwa lawama ni wakulima. Tuliambiwa wanawake hawasafishi kamba, wanachelewa kuvuna, wanarudia mbegu dhaifu. Mimi nasema kotonii uliuawa na mahali ulipopandwa. Sababu zake zinasomeka ndani ya mmea wenyewe, katika namna unavyoipokea nuru, unavyoipitisha na unavyoitoa ile isiyokuwa na kazi.

Kabla ya kulimwa, mwani uliokotwa. Tangu enzi za ukoloni watu wa pwani waliokota mwani mwitu kwenye miamba na ule uliotupwa na mawimbi, wakauanika na kuwauzia wafanyabiashara walioupeleka ng'ambo. Viwanda vya huko vilitaka karajinani, ule ute unaoshikamanisha aiskrimu na dawa ya meno. Mwani mwitu haukutosha. Mtanzania aliyelivalia njuga jambo hili mapema ni Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipata uzamivu wake miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha Hawaii, alikokuwa akifundisha Maxwell Doty, mtaalamu aliyekuwa mstari wa mbele kuanzisha kilimo cha mwani Ufilipino. Miaka ya mwanzo ya 1980 Mshigeni alikuwa tayari anajaribu kupanda mwani katika maji yetu.

Kilimo cha biashara kilianza 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Zilikuja aina mbili. Moja ni spinosamu, ambayo wataalamu huiita Eucheuma denticulatum, na ya pili ni kotonii, Kappaphycus alvarezii. Kotonii hutoa karajinani inayoganda ikawa ngumu, na wanunuzi huilipia zaidi. Njia ya kulima ilikuja pamoja na mbegu: unapigilia vigingi viwili mchangani, unavuta kamba kati yake, unafunga vishada vya mwani, unaondoka. Haihitaji chombo wala kujua kuogelea. Ndiyo maana wanawake, ambao walikuwa wakienda pwani kwa miguu kuokota chaza na kukamata pweza, waliishika kazi hii kwa urahisi. Hadi leo sehemu kubwa ya wakulima wa mwani Zanzibar ni wanawake.

Hapo pana jambo ambalo waandishi wa ripoti hulipita haraka. Kulima kwa miguu maana yake ni kulima panapopwa, na kupwa kuna saa zake. Siku za bamvua, bahari yetu ya mashariki hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Si ajali ya siku moja. Ni mpango wa mwezi na jua, na mjukuu wa mjukuu wangu ataukuta vile vile. Bahari hupwa tena usiku, lakini usiku hakuna nuru. Kwa hiyo maji yanapokuwa machache kuliko wakati mwingine wowote wa mwezi, yakisimama ndani ya mwamba bila mkondo, jua nalo linapanda kuelekea utosini. Mwani unabaki na kina cha magoti, au cha vifundo, na juu yake kuna jua la tropiki ambalo adhuhuri hushusha karibu maikromoli 2000 za fotoni katika kila mita ya mraba kwa sekunde moja. Mwani mwekundu, kundi la kotonii na spinosamu, hutosheka na sehemu ndogo tu ya hizo.

Mama alikuwa na viwanja vyake upande wa karibu na mkondo, na hakuvipata kwa bahati. Alivihamisha. Namwona alivyokuwa akifanya: anainama, kanga ya pili ameifunga kiunoni, anashika kishada cha kotonii na kukifungua kwa vidole kutafuta matawi ya ndani. Tawi zima likivunjwa hukatika kwa mlio mdogo na kutoa ute. Tawi lililoanza kuugua hunyongeka tu, na mahali pamoja, urefu wa ukucha, pamepauka hadi unaona mwanga upande wa pili. Siku mbili tatu baadaye sehemu hiyo hulainika na tawi zima huanguka likachukuliwa na maji.

"Mwanangu, huu umeungua," aliniambia. "Maji yalisimama hapa tangu asubuhi. Hapa hapafai."

Hakuwa amesoma. Lakini maneno yake yalikuwa na vitu viwili ambavyo mimi nilihitaji vitabu vingi kuviunganisha: jua, na maji yaliyosimama.

Darasani, nilipofika kwenye usanisinuru, vitabu vilinitaka nitumie jani la maharage. Nilianza kutumia mwani. Chukua tawi bichi la mwani wenye rangi nyekundu au hudhurungi, litumbukize katika maji yanayochemka. Kufumba na kufumbua linageuka kijani. Wanafunzi walikuwa wakipiga kelele kila mwaka. Ukweli ni kwamba kijani kilikuwamo muda wote. Ni umbijani ule ule wa jani la muhogo. Kilichokuwa kikiufunika ni protini nyekundu iitwayo fikoerithrini, na protini hiyo huharibika kwa moto kama protini nyingine. Jaribio la pili linataka subira. Ponda mwani mwekundu mbichi katika maji baridi, chuja kwa kitambaa, utapata maji ya rangi ya waridi. Yapeleke penye jua kali uyatazame kwa ubavu: yanatoa mng'ao wa rangi ya chungwa. Nuru ya kijani imeingia, ya chungwa inatoka. Ndani ya mmea mzima mng'ao huo karibu hauonekani, na swali la kwa nini hauonekani ndilo lililowashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya karne moja.

Alianza Mjerumani Theodor Engelmann, akiwa Utrecht, Uholanzi. Mwaka 1882 alimulika uzi wa mwani kwa nuru iliyopasuliwa kuwa rangi za upinde wa mvua, akaweka bakteria wanaofuata oksijeni, akatazama wanajikusanya wapi. Penye mwani wa kijani walijazana kwenye nyekundu na kwenye buluu. Alipofika kwenye mwani mwekundu aliona nuru ya kijani nayo ina kazi kubwa. Akatoa hoja kwamba mwani mwekundu umepewa rangi hiyo ili uishi kilindini, ambako nuru nyekundu haifiki. Hoja hiyo ilisomeshwa kwa miaka mingi, nami niliikariri. Ina ukweli wake: mwaka 1985 ilitangazwa kwamba mwani mwekundu unaojijengea chokaa umeonekana hai kwenye kina cha mita 268 karibu na visiwa vya Bahama. Lakini mtu wa Paje angemwambia Engelmann kwamba mwani mwekundu uko hapa miguuni pake.

Mwaka 1950, Francis Haxo na Lawrence Blinks, wakifanya kazi katika kituo cha bahari cha Hopkins kwenye pwani ya California, walibandika vipande vya mwani juu ya elektrodi ya platini inayopima oksijeni, wakavimulika kwa rangi moja moja. Kwa mwani mwekundu walipata jibu la kushangaza: nuru iliyofyonzwa na fikoerithrini ilizaa oksijeni vizuri kuliko nuru iliyofyonzwa na umbijani wenyewe. Inakuwaje mpokeaji msaidizi amshinde mwenye kazi? Jibu lilikuja miaka 11 baadaye. Louis Duysens na wenzake kule Leiden walichukua mwani mwekundu mdogo usioonekana kwa macho, Porphyridium, wakaonyesha kwamba nuru nyekundu na nuru ya kijani zinasukuma kazi mbili tofauti zinazofuatana. Mimea ina mifumo miwili ya nuru, na katika mwani mwekundu fikoerithrini huulisha zaidi ule wa pili, unaopasua maji na kutoa oksijeni. Kila mtoto wa skuli anayechora leo mifumo hiyo miwili ana deni kwa mwani mwekundu, na sidhani kama yuko mwalimu anayemwambia.

Katika miaka hiyo ya 1960 Elisabeth Gantt, huko Marekani, alitazama Porphyridium kwa darubini ya elektroni akaona vijivimbe vimepangwa kwa safu juu ya utando wa ndani ya seli. Vikaitwa fikobilisomu. Hivyo ndivyo vyombo vya kuvunia nuru. Mwaka 2017 wanasayansi wa China walichapisha umbo la fikobilisomu moja ya mwani mwekundu uitwao Griffithsia pacifica: vipande 862 vya protini, vikibeba molekuli 2048 za rangi. Chombo kimoja, katika seli yenye vyombo vingi visivyo na hesabu.

Kazi yake iko hivi. Nje kabisa kuna fikoerithrini, inayopenda nuru ya kijani ya nanomita 565 hivi. Ndani yake kuna fikosianini, inayopokea kwenye 620. Kwenye kiini kuna alofikosianini, 650. Chini, ndani ya utando, kuna umbijani wa mfumo wa pili, 680. Fotoni ikigonga molekuli ya nje, nishati hairudi kuwa nuru. Huruka kutoka molekuli hadi molekuli. Wanafunzi wangu niliwaambia wafikirie wanawake waliojipanga kutoka majini hadi pwani wakipokezana magunia ya mwani: hakuna anayetembea, lakini gunia linafika. Kila mruko hupoteza kidogo, kwa hiyo nishati huteremka tu na haipandi tena. Mjerumani Theodor Förster alieleza hesabu ya mruko huo miaka ya 1940: umbali kati ya molekuli mbili ukiongezeka maradufu, kasi hupungua mara 64. Ndiyo maana zimebanana kiasi kile. Safari nzima humalizika ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, na zaidi ya asilimia 90 ya nishati hufika. Ukiponda mwani ndani ya maji, umeivunja safu. Fikoerithrini haina wa kumkabidhi, inang'aa peke yake rangi ya chungwa.

Sasa tazama nishati ikifika na kuukuta mlango umefungwa.

Ikishatua kwenye umbijani, nishati ina njia chache. Inaweza kufanya kazi ya kikemia, na ndiyo tunayoitaka. Inaweza kutoka kama mng'ao hafifu. Inaweza kugeuka joto. Ikikosa zote hizo inabaki kwenye umbijani kwa muda unaotosha kuikorofisha oksijeni iliyo jirani, na oksijeni iliyokorofishwa hukata protini na mafuta ya utando. Pigo la kwanza huiangukia protini iitwayo D1, iliyo katikati ya mfumo wa pili. Seli huing'oa na kujenga nyingine mchana kutwa. Ukarabati ukienda sawa na uharibifu, mmea unaishi. Ukichelewa, mmea unapauka.

Mwani wa kijani na wa kahawia una hazina nzuri ya kujikinga. Harry Yamamoto na wenzake walieleza mwaka 1962 jinsi rangi moja ya jamii ya karotenoidi inavyobadilishwa kuwa nyingine nuru ikizidi, kisha ikarudishwa gizani. Mwani wa kahawia una mzunguko huo pia. Kwa mwani mdogo wa kijani uitwao Chlamydomonas ilionyeshwa mwaka 2009 kwamba kuna protini maalumu ya kutoa nishati ya ziada kama joto. Mwani mwekundu, kwa sehemu kubwa, hauna protini hiyo wala mzunguko kamili wa karotenoidi. Una njia zake, zilizoonekana kwa spishi mbalimbali: fikobilisomu hulegeza muungano wake na mfumo wa pili, au nishati humwagikia mfumo wa kwanza, au kitovu cha mfumo wa pili chenyewe hugeuka mahali pa kutolea joto. Nuru ikiendelea kuwa kali kwa siku nyingi, mmea hupunguza fikoerithrini na rangi yake huwa nyepesi. Wakulima wetu wanalijua hilo bila darubini: msimu wa kusi, maji yakiwa baridi na mawingu mengi, mwani huiva rangi, kaskazi ikikaza, hupauka. Ukosefu wa naitrojeni nao hupausha, kwa sababu mmea ukikosa chakula huila fikoerithrini yake wenyewe.

Njia hizo zote zina kikomo, na kikomo hicho hutegemea mlango wa kwanza, ule wa kemia. Hapa ndipo maji yaliyosimama yanapoingia. Mwani huchukua kaboni kutoka majini. Mkondo ukipita, kaboni mpya inafika. Maji yakisimama, yale yaliyogusana na mwani huishiwa, na hapo nishati iliyokuwa ikifanya kazi haina pa kwenda. Wakati huo huo maji yanapata moto. Joto likipita kiwango, vimeng'enya vya kaboni hulegea, na ukarabati wa D1 huzorota. Kwa hiyo nuru ile ile ambayo jana mmea uliimudu, leo ni nyingi. Danilo Largo na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi zinatosha kuanzisha kupauka kwa kotonii, ugonjwa ambao wakulima wa Ufilipino waliuita aisi-aisi. Maji yaliyopungua chumvi na nuru hafifu mno navyo viliuleta. Bakteria huja baadaye kumalizia mmea uliokwisha kuchoka. Yeyote anayejua vidimbwi vya ndani ya mwamba siku ya bamvua ya kaskazi anajua kwamba nyuzi 33 si ajabu.

Kotonii mwitu hautafuti kiza. Huota ukingoni mwa miamba, chini kidogo ya pale maji yanapokomea kupwa, mawimbi yakiusukasuka bila kupumzika. Jua unalipata, lakini pamoja na maji baridi yanayotembea. Sisi tuliuchukua kutoka kwenye mkondo tukauweka kwenye kidimbwi, kwa sababu kidimbwini ndiko mtu wa miguu anakofika. Spinosamu ulistahimili zaidi, ndio uliobaki, na ndio wenye bei ya chini. Hiyo ndiyo hesabu nzima ya umaskini wa mkulima wa mwani wa Unguja. Pemba kotonii umeendelea kupatikana zaidi.

Mtu aliyesimama upande wa wakulima katika hili ni Dk. Flower Msuya, mtafiti aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja. Kwa miaka mingi amepima maji, ameandika kuhusu joto na vifo vya kotonii, na alikuwa mstari wa mbele katika umoja wa wakulima na watafiti ulioanzishwa 2006, uliosaidia wanawake kutengeneza sabuni na unga wa mwani badala ya kuuza magunia peke yake. Yeye na wenzake walijaribu pia nyavu za mirija zinazoelea kwenye maji ya kina, ambako kotonii ulionyesha kuweza kukua tena. Hapo tatizo likabadilika sura. Maji ya kina yanataka chombo, nanga, na mwanamke anayejua kuogelea. Wengi wa kina mama wa rika la mama yangu waliishi maisha yao yote baharini bila kuogelea, kwa kuwa bahari waliyoijua iliwafika kiunoni.

Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji ambapo afisa mmoja aliwaambia wanawake kwamba mbegu inakufa kwa uvivu wao. Walinyamaza kwa adabu. Mama naye alikuwamo. Alikuwa amekwisha hamisha kamba zake kuelekea mkondo, na kwa hilo kotonii wake ulidumu misimu kadhaa baada ya ule wa majirani, ingawa mwisho nao uliondoka. Afisa yule hakumuuliza kitu.

Wanaopanga miradi ya mwani, nawaomba mambo matatu. Kabla ya kugawa mbegu ya kotonii, pimeni joto la maji saa nne ya bamvua ya kaskazi, si jioni maji yakijaa. Fedha za mbegu zitoeni pamoja na fedha za vyombo na za kuwafundisha wanawake kuogelea, kwa sababu mmea huu hauwezi kuhamia kwenye mkondo na mkulima wake akabaki pwani. Na walimu wenzangu wa vijiji vya mashariki: somo la usanisinuru lipo nje ya mlango wa darasa. Chukueni tawi, chemsheni maji, waacheni watoto waone kijani kikitokea.